Nataka kuhamia Kisumu na watoto, baba yao anasema hawatoki Nakuru. Lazima anipe ruhusa?

#1 MamaWawili58
Habari zenu. Naomba mawazo juu kichwa yangu imejaa. Mimi na baba watoto tulitalikiana 2023 hapa Nakuru, korti ikasema watoto wakae na mimi, yeye awachukue wikendi moja kwa mbili na nusu ya likizo. Tumefuata hivyo miaka miwili bila kelele mingi. Msichana ako Grade 5, kijana ako Grade 2. Sasa mimi ni nesi, nimepata kazi Kisumu, mshahara ni kama mara moja na nusu ya huu wa saa hii, na mama yangu ako Ahero, karibu na Kisumu, alipata kiharusi mwezi wa tatu, mkono wa kushoto haufanyi kitu, ndugu zangu wote wako Nairobi. Kazi inaanza Januari. Nilimpigia baba yao nikamwambia, akanyamaza, halafu akasema "wewe enda, watoto hawatoki Nakuru". Akakata. Tangu hiyo siku hashiki simu, anatuma tu meseji "watoto wako aje". Nauliza, lazima anipe ruhusa ama ni kumjulisha tu? Korti ilinipa watoto mimi. Na tafadhali msiniambie nimwachie, hiyo sitafanya.

#2 Nyar_Nyakach
Hama dadangu. Korti ilikupa watoto, hiyo imeisha. Mtoto wa chini ya miaka kumi ni wa mama, iko kwa sheria. Karibu nyumbani.

#3 BabaTatu_Lanet
@Nyar_Nyakach sheria gani hiyo inasema mtoto ni wa mama? Lete tuione. Haya maneno ndio yanafanya watu wanahamisha watoto usiku.

#4 JabaliKondele
Nitasema upande ule mwingine, mama usichukulie ni wewe, sikujui. 2019 nilikuwa naishi Manyatta hapa Kisumu, watoto wako na mama yao Nyamasaria. Jumamosi yangu ikafika nikabeba mkate, maziwa na mpira mpya, ile ya mia tatu. Kufika naona dirisha haina pazia. Nikabisha hivyo hivyo. Keateka akatoka akaniuliza "kwani hukuambiwa, si walihama Jumatano". Nilirudi na ule mpira nikauweka juu ya kabati, ukakaa huko mpaka ukaisha upepo. Ilinichukua miezi minne kujua wako Nakuru, shule gani, nani anawapeleka asubuhi. Kijana wangu alikuwa na miaka minne. Siku nilimwona tena aliniita anko.

#5 MamaWawili58
@JabaliKondele pole sana kaka. Nimesoma mara mbili. Mimi sitaki kufanya hivyo ndio maana nimemwambia miezi mitatu kabla.

#6 KaraniMstaafu
Nilifanya kazi rejista ya korti miaka mingi, nimestaafu, mimi si wakili kwa hivyo mchukue haya kama ya mtu amebeba mafaili mengi.

Kwanza #2. Hiyo miaka kumi ilikuwa maana ya "mtoto wa umri mdogo" katika Sheria ya Watoto ya 2001. Hiyo sheria iliondolewa, saa hii tunatumia ya 2022, ilianza kazi Julai mwaka huo. Na hata ile ya zamani haikusema mtoto ni wa mama. Ni majaji na mahakimu ndio walikuwa wanaegemea upande wa mama kwa watoto wadogo isipokuwa kuwe na sababu kubwa, kesi ya Wambwa na Okumu ya 1970 ilikuwa inatajwa karibu kila siku. Halafu Katiba ya 2010 ikaja, kifungu cha 53 kinasema baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, na maslahi ya mtoto ndiyo yanatangulia.

Sasa swali lako mama. Toa ile amri usome neno kwa neno. Sheria yetu haijaweka kilomita ati ukizidi hapa umekosa, unaweza kuhama. Lakini kama amri inasema wikendi moja kwa mbili na wewe uko Kisumu, itafuatwa aje? Ikivunjika wewe ndio utaitwa ueleze. Kwa hivyo ni mkubaliane muandike, mpeleke iingie kwa faili, ama uende korti hiyo hiyo ya Nakuru uombe amri ibadilishwe, na ufanye hivyo kabla hujafungua kitanda.

#7 BabaTatu_Lanet
Asante mzee. Watu wasome #6 kabla waandike.

#8 MamaWawili58
Nimeitoa sa hii. Imeandikwa "kila wikendi ya pili kuanzia Jumamosi saa tatu asubuhi hadi Jumapili saa kumi na moja jioni". Haijataja Nakuru mahali popote.

#9 Pipeline_Boy
Kama haijataja Nakuru basi uko huru. Na Kisumu ni hapo tu, kilomita kama mia.

#10 KaraniMstaafu
Haijataja Nakuru lakini imetaja saa tatu asubuhi. Mtoto ametoka Kisumu, Jumamosi saa tatu atakuwa amefika Nakuru? Ataamka saa ngapi?

#11 DereWaBarabara
@Pipeline_Boy mia ulipima wapi bro? Ni karibu 180 ukipita Kericho, mimi naipiga kila siku. Masaa manne ni kawaida, na malori yakijipanga kuanzia Salgaa mpaka Mau Summit hata usiseme saa ya kufika.

#12 Pipeline_Boy
Sawa dere nimekubali 😂 mimi mwisho wangu ni Kericho.

#13 MzaliwaWaMbale
Niko Florida mwaka wa nane, kwetu ni Vihiga. Huku sheria ya jimbo imeandika namba kabisa. Ukihama maili 50 au zaidi kutoka pale ulikuwa unakaa wakati wa amri, na ni kwa siku 60 au zaidi, lazima mzazi yule mwingine akubali kwa maandishi au uende kortini kwanza. Maili 50 ni kama kilomita 80. Watu huku wanatafuta nyumba na ramani mkononi, mtu anahesabu maili 48. Rafiki yangu alifanya hivyo, akahama 47, na bado waligombana juu mtoto alikuwa anachelewa mazoezi ya mpira. Kwa hivyo namba pia si dawa. Lakini angalau unajua mstari uko wapi.

#14 Nyar_Nyakach
Kwa hiyo hesabu yenu mtu wa Kisumu angeweza kuhamia Mbale bila kuuliza mtu.

#15 MzaliwaWaMbale
Na akule kuku kila Jumapili, naye baba akija kuona watoto hataki kuondoka.

#16 MzeeWaLurambi
Mimi nauliza mambo ya nyumbani, msinikasirikie. Ng'ombe zilitoka? Kama mahari ilienda, kwetu watoto ni wa boma la baba, mama akiondoka anaondoka yeye. Sisemi ni vizuri au ni vibaya, nasema ndivyo huyo mwanamume alilelewa akisikia, na ndio maana anaongea kwa uhakika hivyo bila kutaja korti.

#17 KaraniMstaafu
Mzee kwa heshima, Katiba kifungu cha 2 imesema mila yoyote inayopingana nayo haina nguvu. Hakimu hatauliza ng'ombe.

#18 MzeeWaLurambi
Karani, hakimu hatauliza. Kijana mwenyewe ndio atauliza akiwa na miaka kumi na nane, shamba la babu liko wapi na mbona hakuna mtu ananijua huko. Hapo katiba itamjibu nini?

#19 MamaWawili58
Ng'ombe nne zilitoka na pesa kidogo. Yeye ni wa Bungoma, Mbukusu, ni fundi wa stima hapa Nakuru. Mimi ni Mjaluo. Tulikutana hapa, watoto walizaliwa hapa, wanaongea Kiswahili tu na kizungu ya shule.

#20 MtuWaWebuye
Sasa mama ndio umesema. Kijana ako na miaka saba? Kwetu kutahiri ni Agosti ya mwaka shufwa, 2024 imepita, 2026 inakuja, wako atakuwa wa 2030 ama 2032. Huyo baba haogopi Kisumu. Anaogopa kijana atakulia kwa wajomba ambao hawana hiyo mila, na siku ikifika ya kupiga kengele kuita watu wa ukoo, mtoto hajui hata kusalimia nyanya yake. Nimeona hiyo hofu kwa ndugu yangu mwenyewe, alikuwa anaificha kwa maneno ya shule na hewa safi.

Na kitu wengi hawajui, kwetu mjomba ndiye mtu mkubwa hiyo siku. Kijana anaenda kwa ndugu ya mama yake, anachinjiwa, anavishwa shingoni kipande cha nyama tunaita luliki, ndio arudi nyumbani kukatwa. Bila mjomba hiyo kitu haijakamilika. Kwa hivyo mwambie baba yao ndugu zako wako tayari kumchinjia kijana ikifika wakati. Mwambie hiyo kabla ya kumwambia mambo ya amri. Tena Kisumu ni karibu na Bungoma kuliko Nakuru.

#21 MamaWawili58
@MtuWaWebuye hiyo sikuwa nimewahi kufikiria kabisa. Hajawahi kuitaja. Lakini mwaka jana Agosti alimpeleka kijana Bungoma siku tatu kuona, na akarudi anacheza na vijiti viwili akisema ni kengele, alichezea mpaka majirani wakalalamika. Nilidhani ni likizo tu.

#22 MtuWaWebuye
Haikuwa likizo tu.

#23 Section58_Resident
Mimi naona mnaenda mbali. Ni pesa. Saa hii kuona watoto ni boda ya hamsini. Wakienda Kisumu ni nauli ya watu wawili au watatu, kwenda na kurudi, na Disemba nauli inapanda kama mara mbili. Fundi wa stima hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwanamume hawezi kusema "sina nauli", atasema "watoto hawatoki Nakuru".

#24 DereWaBarabara
#23 amegusa. Mimi kila shule zikifunga nabeba watoto kama hao. Mama anakuja steji mapema, anamweka mtoto kiti cha mbele, ananipa namba ya baba na maandazi kwa karatasi. Mtoto anaanza kuniuliza tumefika wapi. Londiani. Sa hii? Kericho. Sa hii? Awasi. Kuna msichana mmoja alikuwa anahesabu hizo steji kwa vidole, akizikosea anaanza upya. Mwaka jana kuna baba hakutokea, tulifika Kisumu saa kumi, simu haipatikani, nikakaa na mtoto mpaka saa mbili usiku. Nilimnunulia chipsi hakukula, alizishika tu mpaka zikapoa. Baba alikuja akasema betri iliisha. Kijana hakulia, alichukua begi yake akatembea mbele.

Kwa hivyo mkikubaliana mtu asafiri nao. Ama mpatane Kericho, ni kama katikati, kila mtu anatumia nusu ya nauli na nusu ya siku. Nimeona wawili wanafanya hivyo, wanakutana kwa hoteli moja pale mjini, mama anakunywa chai meza yake, baba meza yake, watoto wanabeba begi kutoka hapa kwenda pale.

#25 JabaliKondele
Hiyo ya Kericho tungefanya mimi na mama yao ningeshukuru sana.

#26 Achieng_wa_Shule
Kama akikataa kutuma pesa ya watoto juu umehama, mnyime kuwaona, atanyooka.

#27 KaraniMstaafu
Hapana mama, hapo utajiumiza. Matunzo na kuona mtoto ni vitu viwili tofauti. Asipotuma, unaenda kortini kwa ile amri ya matunzo. Ukimnyima watoto, yeye ndio anaenda kortini na wewe ndio umekosa. Na yeye pia hawezi kuacha kutuma kwa sababu umehama. Nimeona mafaili ya watu walianza na huyu hajatuma elfu tatu, wakaishia miaka mitano.

#28 NilikuwaHuyoMtoto
Nasoma tu lakini wacha niseme. Mimi ndio nilikuwa huyo mtoto. Tulitoka Nakuru, Shabab, nikiwa na miaka tisa tukaenda Kakamega kwa kukhu (nyanya yetu), mama akatafuta kazi. Watu wanadhani kitu kinauma ni kuacha shule na marafiki, hiyo iliuma kama muhula mmoja hivi. Binamu walikuwa wanacheka Kiluhya changu, baada ya mwaka nikawa naongea kuwashinda. Chakula nilizoea. Baridi ya Nakuru sikuikosa.

Baba alikuwa anapiga kila Jumapili saa moja jioni kwa simu ya kukhu. Netiwaki ilikuwa inashika vizuri chini ya mti wa avokado, kwa hivyo mimi na ndugu yangu tunaenda kukaa pale kuanzia saa kumi na mbili na nusu, tunagombana nani ataongea kwanza. Tulifanya hivyo karibu mwaka. Halafu kukhu akapoteza laini, akanunua ingine. Hakuna mtu alimpa baba namba mpya. Mama alidhani kukhu amempa, kukhu alidhani mama amempa, baba alidhani tumekataa kuongea na yeye. Sisi tulidhani ameacha kupiga. Tuliendelea kwenda chini ya mti wiki kadhaa tukiwa na simu imezima. Hakuna mtu alikuwa na ubaya. Nilimwona baba tena nikiwa na miaka kumi na sita.

Mama, kama utahama, namba ya baba iandikwe kwa ukuta, kwa daftari, kwa kitabu ya shule, mtoto aikariri kichwani. Na watoto wawe na simu yao hata kama ni ile ndogo ya batani. Hiyo tu ndio naomba.

#29 Nyar_Nyakach
Aki huyu mtu ameniliza. Nimerudi juu kusoma nilichoandika #2, nilikuwa na haraka.

#30 MwalimuGrade6
Nimechelewa kuingia lakini naongezea upande wa shule maana hamjaugusa. Msichana akiwa Grade 5 saa hii, Januari ataingia Grade 6, na mwisho wa mwaka huo ni KPSEA, mtihani wa taifa wa Grade 6, ambayo inabeba asilimia 20 ya alama za kupangiwa shule ya sinia baadaye. Kwa hivyo kama ni kuhama, Januari ni sawa, usingoje muhula wa pili. Yeye ako na namba ya UPI kwa mfumo wa wizara, shule ya Nakuru lazima imwachilie huko ndani ya mfumo ndio shule mpya imchukue, bila hivyo atakaa darasani lakini kwa kompyuta bado ni wa Nakuru. Nimepata watoto wa aina hiyo kila mwaka, mzazi anakuja na yunifomu mpya mzuri lakini hakuna jina. Uwe na cheti cha kuzaliwa. Kama baba ndiye amekishika na hataki kutoa, usipigane, unaomba kingine kupitia eCitizen.

Na mwalimu wa darasa aambiwe ukweli. Sio habari zote, tu kwamba wamehama na wazazi hawaishi pamoja. Mtoto akinyamaza muhula mzima tujue sababu.

#31 BabaTatu_Lanet
Mwalimu hapo kwa Grade 6 mimi nasema kinyume. Kama mwaka wa mtihani ndio huu unakuja, mwache amalizie Nakuru kwa baba yake, mama atangulie, mtoto amfuate mwaka wa kufuata. Si kila mtu atapata kitu?

#32 MwalimuGrade6
Na kijana? Mtawatenganisha? Nimefundisha pacha mmoja, mwingine yuko kwa mzazi mwingine. Sitaki kurudia kuona hiyo.

#33 KaraniMstaafu
Korti nyingi nilizoona hazipendi kutenganisha ndugu bila sababu. Lakini pia msichana wa miaka kumi au kumi na moja ataulizwa anataka nini. Mkataba wa Haki za Mtoto ambao Kenya iliridhia 1990 unasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asikilizwe, na sheria yetu ya 2022 imechukua hiyo. Kumsikiliza si kusema yeye ndio ataamua, watu huchanganya hapo.

#34 Sina_Haraka
Swali moja tu mama, na ujibu ukitaka. Kuna mwanamume Kisumu?

#35 MamaWawili58
Nilijua itaulizwa. Hakuna. Kuna mama hawezi kufunga vifungo vya nguo yake, na kuna kazi. Na hata kama angekuwepo ningekuja kuuliza swali lile lile.

#36 Sina_Haraka
Nimekuelewa, nisamehe. Niliuliza juu baba yao lazima anajiuliza hivyo usiku.

#37 Freehold_Wa_Zamani
Wacha niseme kitu watu wanazunguka. Mama yako Ahero hajakuambia urudi kabla ya uchaguzi wa 2027? Wengi wetu wenye asili ya huko tuliokuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, tunajua hiyo simu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, tulitoka Freehold na magodoro mawili kwa lori, tukalala polisi, tukafika Kisumu siku ya pili. Mji umetulia miaka mingi sasa, mimi nilirudi na sijuti, lakini wazazi wetu hawajasahau, kila uchaguzi ukikaribia wanaanza kuuliza "unakuja lini".

#38 MamaWawili58
Alisema. Kabla hata ya kiharusi. Sikuiandika juu sikutaka uzi ugeuke. Baba yao anajua, na nadhani hiyo ndio ilimkasirisha zaidi, juu yeye alikaa Nakuru hiyo 2008 na majirani walimficha, anaona kama nasema hapa si kwao watoto.

#39 Section58_Resident
Hapa ni kwao watoto. Wamezaliwa hapa. Hata mimi ningekasirika.

#40 Freehold_Wa_Zamani
Na mimi ningekasirika, na bado ningeelewa nyanya yao. Yote mawili.

#41 Pipeline_Boy
Mbali na hayo yote, mtoto wa Nakuru akifika Kisumu atatoa sweta siku ya kwanza na hataivaa tena. Na mbu wa huko hawajui mgeni.

#42 Nyar_Nyakach
Wacha kutisha watoto. Watakula samaki Dunga wakiangalia ziwa, nyinyi ziwa lenu la Nakuru mnaangalia flamingo na mnarudi nyumbani njaa.

#43 Pipeline_Boy
Tuna viazi.

#44 MzaliwaWaMbale
Nimekuwa kimya tangu #15 na nyinyi mnaongea samaki na viazi, mimi huku ni saa tisa usiku na nina njaa.

#45 Afisi_ya_Jirani
Kwa mama #1, kabla ya wakili nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako Nakuru, atamwita baba mkae chini. Hakuna malipo. Mkikubaliana, anasaidia kuandika makubaliano ya majukumu ya wazazi, na hayo yanaweza kupelekwa kortini yawe amri. Baba akiitwa na ofisi huwa anakuja hata kama simu hashiki, juu ni barua. Ukishafika Kisumu na ukahitaji wakili na huna pesa, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wako na ofisi pale. Na watoto wenyewe wajue 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure kupiga.

#46 MamaWawili58
Asanteni wote. Naenda Jumatatu. Nitarudi kuwaambia.

#47 MamaWawili58
Ni wiki mbili sasa, samahani. Alikuja. Alikuja amevaa ile shati yake ya harusi ya dadake, na amebeba faili ya shule ya watoto, ripoti zote tangu PP1 (chekechea), sikujua anazo. Nilianza na mambo ya ndugu zangu na kijana, vile #20 alisema. Aliangalia chini muda mrefu. Halafu akasema "na nani atamfundisha Kibukusu, wewe?" Nikasema hapana, wewe, likizo yote ya Agosti, si nusu. Hapo hakujibu lakini hakukataa.

Nauli ndio tuligombana. Anataka nilipe yote juu mimi ndio nahama. Nikasema nusu, tukutane Kericho. Akasema Jumamosi ndio siku yake ya kazi nzuri, akienda Kericho amepoteza siku. Ni kweli, na sina jibu. Afisa akaongea na watoto peke yao, sisi nje. Kijana alisema anataka kwenda kwa dani (nyanya yake, mama yangu) juu kuna mbuzi. Msichana alisema anataka kumaliza Grade 6 na timu yake ya netiboli, na akauliza kama baba atakuwa anakula nini yeye akienda. Afisa alituambia hiyo sisi wote wawili tukiwa tumekaa. Hatukuangaliana.

Tumepewa tarehe ingine, alhamisi ya wiki ijayo. Bado hajasaini chochote. Kazi wanataka jibu langu mwisho wa mwezi.

#48 BabaTatu_Lanet
Lipa nauli yote mwaka wa kwanza. Mshahara umepanda.

#49 Nyar_Nyakach
Kwa nini alipe yote na anamlea mama mgonjwa pia? Nusu ni nusu.

#50 MtuWaWebuye
Yeye kuuliza nani atamfundisha Kibukusu, hapo amefungua mlango kidogo. Usimsukume.

#51 JabaliKondele
Amekuja na ripoti tangu PP1. Mwanamume huyo usimwache nje ya hii kitu, nakuomba.

#52 MamaWawili58
Sitamwacha. Wa Kisumu, naomba kitu kingine: kama nitapata nyumba upande wa Mamboleo, kuna shule ya msingi hapo karibu iko na timu ya netiboli ya ukweli, ya kwenda mashindano? Nataka niwe na jina la shule kabla ya alhamisi.

#53 Achieng_wa_Shule
Mamboleo kwenyewe sijui. Ukikuja mpaka Migosi wangu anacheza hapo, wanafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi saa kumi. Yeye anacheza gani?

#54 MamaWawili58
Anazuia. Ni mrefu kama baba yake.

#55 Achieng_wa_Shule
Huyo tunamhitaji, wetu mmoja anamaliza mwaka huu. Nitumie meseji nikupe jina la mwalimu.